Binti Yangu Amenyimwa Kipande cha Bustani kwa Sababu ya Viatu

Mtaa wa Bagamoyo,
Tukuyu.
18 Agosti 1994

Ndugu Mwenyekiti wa Bustani ya Akina Mama,

Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa kutuongoza, na pole na kikohozi. Mimi kalamu niliiacha darasa la nne, lakini haki naijua. Binti yangu Atuganile, msichana wa kwanza mtaani kwetu kumaliza kidato cha nne, mwenye duka la mitumba pale sokoni, amenyimwa kipande katika bustani ya mradi. Nasikia kimebaki kimoja. Nakiomba, kwa sababu hizi:

1. Siku ya usaili alivaa viatu vya mchuchumio na gauni la kung'aa. Sisi tumelelewa kwamba ukiitwa mbele ya mgeni unaoga, unajipaka mafuta, unavaa nguo ya kanisani. Dada Mzungu wa mradi akamtazama juu hadi chini, akasema bustani ni ya wenyeji wanyonge. Yaani mwanangu kaadhibiwa kwa kuoga!

2. Aika, mke wa daktari, mtu wa Moshi, anayekaa nyumba ya serikali, alikuja peku na khanga iliyochanika. Nilimwona kwa macho yangu akivua viatu nyuma ya choo cha soko na kuvificha kikapuni. Akaandikwa mwenyeji, akapewa na jembe jipya. Sina neno na watu wa Moshi, tunasali nao vizuri tu. Lakini huyu hata salamu yetu ya "ugonile" anaisema kama anapiga chafya.

3. Kama unyonge ni nguo, basi mnyonge wa kwanza ni Dada Mzungu mwenyewe. Suruali yake imetoboka magoti yote mawili. Nilimpelekea sindano na uzi kwa huruma, akacheka.

4. Alimwambia Atuganile kwamba nywele zilizotiwa dawa si za asili. Yeye kasuka rasta! Nilinyamaza kwa kuwa mimi ni mtu mzima. Nilisema kidogo tu, na waliokuwa mbali ndio waliosikia vizuri.

5. Kwa kuwa Dada Mzungu amekula ndizi zetu tangu Pasaka, kamati yako imempa jina la Kinyakyusa na kumwita binti wa Rungwe. Sawa. Basi Atuganile, niliyemlea kwa mkate wa siagi, aandikwe Mzungu. Wazungu wanaingia bustanini na viatu, na hakuna anayewauliza unyonge wao uko wapi.

Nisipojibiwa nitakwenda kwa Diwani. Huko nako nikikwama, nitawaeleza wenzangu wa kwaya, na unajua habari inavyotembea ikishafika kwenye kwaya.

Wasalimie mama watoto, wajukuu na mwinjilisti. Atuganile anakusalimu pia. Angeandika mwenyewe, mwandiko wake unaupita hata wa hakimu, ila yuko Mbeya kufuata mzigo.

Ni mimi, mama mwenye uchungu na mwanawe,
Veronika Asajile

Nimesahau: usihofu kwamba kipande kitaota majani. Atuganile hajawahi kushika jembe, kucha zake haziruhusu. Atakilima Winfrida, yule mjane wa Kisiba anayetufulia nguo. Naye siku ile ya usaili alitaka kuja kujiandikisha, nikamwambia asijisumbue, muda wa kulima chake ataupata wapi wakati chetu kinamsubiri? Akija kwako na watoto wake, tafadhali mwambie nafasi zimejaa.