Mpira Uliopotea Shimo la Nane

Jamani, leo nimechekwa na baraza zima la wacheza gofu. Fungeni mlango kwanza. Hii habari ikitoka nje ya chumba hiki nahama Mbeya, narudi kwetu Ilula kuuza nyanya barabarani.

Mlivyoniona naondoka asubuhi nilikuwa mtu wa maana. Gauni la bluu lenye mifuko, raba za kuazima (zako, Rehema, nitazifua), nywele nimesuka jana. Nilikuwa nakwenda kutazamwa na Mzee Mwaisaka, baba yake Ambakisye. Mzee mwenyewe ni mkaguzi wa shule aliyestaafu. Mama mtu alishanikubali zamani. Mzee ndiye alikuwa bado, na bila yeye hakuna posa.

Mimi nilitegemea kuitwa nyumbani, nikaribishwe chai, nijibu maswali huku nimeinamisha kichwa. Mzee akasema hapana, tukutane kiwanja cha gofu.

"Kwetu Unyakyusa," akaniambia, "ukishaolewa na mwanangu itabidi unikwepe. Hata usoni hutanitazama. Basi ngoja nikujue sasa, kabla hujaanza kunikimbia."

Ambakisye hakuwepo, ameenda Rujewa kufuata mchele. Aliniachia neno moja tu: "Levina, nakuomba, usiulize maswali mengi."

(Mnanijua. Mimi ndiye ninayekemewa pale kwenye switibodi kwa kusikiliza simu za watu mpaka mwisho.)

Basi tukawa watatu. Mimi, Mzee, na mwenzake wa kucheza naye, Bwana Mushi, mhasibu, mtu mfupi anayebisha kila kitu. Wamebishana miaka yote hiyo na bado ni marafiki. Kila mmoja amebeba fimbo zake mgongoni. "Siku hizi ni kujitegemea," Mzee akasema.

Shimo la kwanza linaanzia mbele ya baraza la klabu, watu wamekaa wanakunywa chai wanakutazama. "Hapa," Mzee akanifundisha, "usitake sifa. Piga katikati, pole pole, uondoke machoni pa watu." Akapiga katikati. Bwana Mushi alitaka sifa. Mpira wake ukaingia kwenye maua.

La pili lina mfereji. Unapiga mpira mfupi usimame kabla ya maji, halafu ndiyo uvuke. Nikauliza, "Kwa nini usivuke mara moja?" Mzee akacheka, akasema ndivyo wanavyouliza vijana wote. Nikaona naye kumbe anapenda maswali! Nikafungua mdomo, ndugu zangu.

La tatu unapandisha kuelekea mlima wa Loleza, na upepo unakusukuma kifuani. Unachukua fimbo nzito kuliko unavyodhani. Juu kule nikauliza kwa nini shimo limezungushiwa mchanga mweusi badala ya majani. Kumbe wanaumwagia oili chakavu ili usipeperuke, halafu wanausawazisha kwa chuma kabla ya kusukuma mpira. Mpira ukishafika mchangani unausukuma taratibu, kama unamwamsha mtoto, mpaka utumbukie. Nikashika. Mpira unaingia shimoni kwa kusukumwa, mtu akiwa karibu. Hilo lishikeni na ninyi.

La nne kuna mikaratusi, njia inapinda kushoto. La tano kulikuwa na ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe wanachungwa pale pale! Mpira ukiangukia kwenye mavi unaruhusiwa kuuokota, unaufuta, unauweka pembeni. Nikauliza, "Na ukimpiga ng'ombe?" Bwana Mushi akasema unamkimbia mwenye ng'ombe.

La sita wakanipa fimbo nijaribu. Nikainua, nikafumba macho, nikashusha. Kitu kikaruka mbali sana! Nikashangilia. Ulikuwa udongo na majani yake. Mpira ulikuwa bado umekaa unanitazama. Mzee akaenda kuokota lile bonge, akalirudisha mahali pake, akalikanyaga bila kucheka. Lakini niliona midomo inacheza.

La saba silijui. Nilikuwa na kichomi.

Sasa la nane.

La nane ni fupi, lakini pale pa kuanzia huioni bendera iliyochomekwa shimoni. Kuna tuta kubwa katikati. Unapiga juu ya tuta na kumwachia Mungu. Mzee akasema, "Binti, tangulia upande wa pili, usimame pembeni, utuangalizie mipira inaangukia wapi. Wangu ndio wa mwisho mzuri nilio nao, na madukani haipatikani siku hizi."

Nikaenda. Nimepewa kazi na baba mkwe! Nikasimama wima kama askari.

Mpira wa Bwana Mushi ukaja, nikauona, ukaangukia kushoto kwenye majani marefu. Safi. Nikasubiri wa Mzee.

Hapo ndipo ardhi ikaanza kutembea karibu na mguu wangu.

Alikuwa fuko. Anasukuma udongo kutoka chini, kichuguu kinapanda, kinatulia, kinapanda tena. Mimi fuko nimemwona amekufa tu, hai sijawahi. Nikachuchumaa. Nikasikia "twa!" ng'ambo ya tuta, nikasema nitageuka sasa hivi. Nikageuka. Mpira hakuna.

Nikatazama majani, nikatazama mchanga. Hakuna. Nikadhani labda Mzee amepiga udongo kama mimi. Nikasogea kwenye bendera, nikachungulia shimoni.

Mpira umo!

Nikawaza kama mtu mwenye akili. Mpira unaingia kwa kusukumwa, na hapa hakuna aliyesukuma. Basi ni wa wale waliotutangulia, wameusahau. Nikautoa. Halafu nikaanza kujiuliza ndani yake kuna nini. Mbona mgumu namna hii, na unadunda? Nikasema nitaupasua nyumbani kwa kisu cha mkate nione. Nikautia mfukoni.

Wakatokea juu ya tuta.

"Binti, umeuona wangu?" Mzee akauliza.

"Sijauona, baba. Haukufika huku."

(Nilisema kweli! Kwa jinsi nilivyojua.)

Tukaanza kutafuta. Baba mkwe wangu, mtu mzima, mwenye mvi, anatambaa kwenye majani. Bwana Mushi anapekua kwa fimbo. Na mimi natafuta kwa bidii kuliko wote, nasema "pole baba, pole baba," mpira unanigonga paja kila nikiinama. Jasho likanitoka. Nikavuta leso mfukoni nijifute.

Na mpira ukatoka. Tu, tu, tu, mpaka kwenye kiatu cha Bwana Mushi.

Akauokota. Ulikuwa na alama ya kalamu nyekundu.

"Mwaisaka," akasema pole pole, "huyu binti ana mpira wako."

Mzee akanitazama. Nilitamani yule fuko anipishe niingie mimi.

"Umeutoa wapi, mwanangu?"

"Shimoni, baba."

"Shimo gani?"

"Hili la bendera."

Mzee akavua kofia. Akatazama tuta, akatazama shimo, akakaa chini palepale kwenye mchanga wa oili na suruali yake nyeupe. Ndipo nikaelezwa. Kuupiga mpira kutoka kule mwanzoni ukaingia moja kwa moja, watu wanacheza mpaka wanakufa hawajabahatika. Mzee hajawahi. Barazani kuna ubao wa majina ya waliowahi.

"Nani ameuona ukiingia?" Bwana Mushi akauliza.

Sikumbuki tulivyocheza la tisa.

Barazani katibu wa klabu akaniita mbele ya watu wote. Vikombe vikatua.

"Wewe ndiye shahidi. Uliuona ukiingia?"

"Hapana."

"Sasa wakati unaingia ulikuwa unatazama nini?"

Nilitafuta jibu lingine, jamani. Nililitafuta kweli.

"Fuko."

Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni. Mmoja alimwaga chai. Katibu akafuta machozi, akasema anasikitika, jina haliwezi kuandikwa ubaoni kwa ushahidi wa fuko.

Mimi nikaanza kulia. Nilijua nimekosa mume kwa sababu ya mnyama asiyeona. Mzee akanisogezea chai yake. Akaniuliza nilitaka kuufanyia nini ule mpira.

"Kuupasua, baba. Nione ndani."

Bwana Mushi akapaliwa. Mzee akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani na yeye analia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

Jioni Ambakisye alipotoka Rujewa na kuja klabuni kunichukua, hata hakunisalimia. Alimtazama baba yake kwa wasiwasi, akauliza imekuwaje.

"Leteni posa," Mzee akasema. "Ila huyu mtu, maisha yenu yote, msimwite shahidi wa jambo lolote."

Haya, mmesikia yote. Na wewe uliyejifunika blanketi, Rehema, nakuona unavyotikisika. Raba zako zina oili.