Kadi za Harusi na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Leo nimeaibishwa mbele ya wageni, na aliyeniaibisha ana pembe.

Nieleze mwenyewe kabla hamjaletewa, maana huku Mgwashi maneno hayangoji mtu. Wifi yangu Zaina anaolewa. Mimi, kwa kiherehere changu (hakuna aliyenishikia panga), nikasema kadi za mwaliko nitatengeneza kwa mkono, karatasi na yote. Mama mkwe akanitazama. "Wewe? Maandazi tu yanakushinda." Hapo ndipo nikakaza. Tangu niolewe sijamsikia akisema nimefanya kitu kikafaa. Nilitaka aseme, hata mara moja.

Nikakata shina la mgomba, nikalichemsha na magadi hadi likalainika. Nikatwanga kinuni pamoja na madaftari ya zamani niliyoyaloweka, nikatia uji mwepesi wa muhogo ili wino usisambae. Nikachota kwa fremu niliyoiwamba kipande cha chandarua, nikaanika. Kweli shina lilitakiwa kusuuzwa sana magadi yaishe. Lakini bomba letu halitoi, na kupanda na ndoo kutoka bondeni mnakujua. Nikasuuza kidogo tu. Nikajiambia, magadi nani atayaona?

Karatasi zikatoka nzuri, msinibishie. Nikakata kadi, nikaandika majina kwa mwandiko wa kujivunia. Halafu jana ukungu ukaingia mpaka ndani, zikalegea zote. Leo watu wa bwana harusi wanakuja kuzichukua! Asubuhi jua likatokea sehemu moja tu, kando ya banda la ng'ombe. Nikafunga kamba pale, nikazibana na vibanio vya nguo. Nikaenda kupika chai.

Wakafika, shangazi wa bwana harusi na wenzake wawili, kutoka Mponde.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Tumefuata kadi."

Na mama mkwe, siku zote mdomo wake ni pilipili, leo akasema, "Ametengeneza mwenyewe huyu. Njooni muone." Jamani, machozi yalinilenga. Nikatangulia mbele, nimejifunga khanga mpya, kuwaonyesha njia.

Kamba ilikuwa tupu. Ng'ombe Subira (jina kapewa na mama mkwe, mimi ningempa lingine) ametoa shingo nje ya banda anatafuna, amefumba macho kwa utamu. Nusu ya kadi ilikuwa inaning'inia mdomoni. Nikaiona "Zaina" kwa mwandiko wangu. Akaivuta, nayo ikaenda.

"Ndizo hizo kadi?" shangazi akauliza.

Mama mkwe alikuwa anaangalia matete yaliyolala horini. "Tangu alfajiri hajayagusa," akasema.

Shangazi akanigeukia. "Umetia nini humo?"

"Mgomba. Uji wa muhogo. Na magadi."

Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo imeniua. "Mwanangu, hicho si chakula cha ng'ombe?"

Ndicho. Kiangazi mimi ndiye ninayemkatia Subira migomba. Mimi ndiye ninayemwekea magadi alambe. Kila siku namlisha kwa mikono hii hii, halafu nikamtundikia sahani puani.

Wageni wakanywa chai. Wakaniuliza magadi natia kiasi gani, nikawaeleza, kila mmoja ana ng'ombe kwake. Harusi wamesema watu wataambiwa kwa simu. Zaina amejifungia chumbani, nikigonga haitiki.

Jioni mama mkwe amerudi kutoka kukamua, ndoo imejaa kuliko jana. Amesimama mlangoni kwangu anatabasamu. "Mkwe wangu, leo umefanya kitu. Kesho utachemsha tena?"

Sifa niliyoililia tangu niolewe ndiyo hiyo, imekuja, na siitaki.

Basi, mpaka sasa aliyepokea mwaliko wa harusi ni ng'ombe peke yake. Atakayecheka hapa, kadi yake aifuate bandani.