Nilivyomtoa Wilondja Nikamchukua Moïse

Jumatatu, 28 Julai

Baridi. Timu yangu ya besiboli kule Marekani imeshindwa tena. Sitaitaja jina, marehemu hasemwi vibaya. Nimeufuatilia mchezo kwenye simu nikiwa kazini ghalani, nyuma ya maboksi ya vigae, msimamizi akidhani nakagua mzigo.

Maoni yangu, ambayo wenye timu hawataki kuyasikia: mwezi huu kwenye drafti, siku ile ya kugawana vijana wapya, walikuwa na nafasi ya kumchukua mrushaji. Wakamchukua kijana wa shule mwenye tabasamu zuri. Tabasamu! Sasa inasemekana wanataka kumtoa mkongwe wetu wa kituo cha tatu, wabadilishane na watoto wawili ambao hata ndevu hawana. Nimewaandikia. Wamejibu papo hapo, wakanishukuru na kunikaribisha ninunue kofia.

Wangari, mke wangu, anasema niwaachie Wamarekani timu yao. Mzee Kariuki wa kanisani nilipomweleza habari za drafti alisema yeye aliacha zamani, vizibo vilipotea. Maarifa yangu hayana mtu wa kuyapokea.

Basi, nina timu ya kwangu. Mamba wa St Marys, timu ya jumuiya yetu ya Waafrika huku ugenini, wake kwa waume, mimi ndiye meneja. Nilichaguliwa kwa kura yangu mwenyewe, wengine walikuwa wanakula. Jumamosi tunacheza na Auburn. Tukishinda, nusu fainali. Tukishindwa, msimu umekwisha, na kwa minong'ono niliyoisikia, umeneja wangu nao umekwisha. Tatizo ni Kasoki, meneja wao, mama wa Kikongo mwenye maneno matamu. Wapigaji wake karibu wote hupiga kwa kushoto. Dawa ya mpigaji wa kushoto ni mrushaji wa kushoto, hilo linajulikana dunia nzima. Sisi hatuna hata mmoja.

Jumanne, 29 Julai

Nimekumbuka! Juzi kwenye chakula cha kanisa kijana mmoja wa Auburn, jina lake Moïse, alimrushia mwenzake andazi kutoka upande wa pili wa ukumbi. Likatua mkononi mwa mwenzake bila kupotea hata inchi. Kwa mkono wa kushoto! Wa kulia alikuwa amembebea mtoto wa dada yake, lakini hilo ni jambo dogo.

Nimempigia Kasoki. Kwa ujanja. Sikutaja kushoto, asije akashtuka. Niliuliza tu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, huyo Moïse mkono wake ukoje. Akanijibu, "Président, ule kijana anatupa na mukono ya kuume. Ana nguvu, weee!"

Mkono wa kiume! Ndivyo wasemavyo Wakongo, maneno yao huvutika kidogo. Mrushaji wa kushoto, tena mwenye mkono wa mwanaume hasa! Na mwanamke wa watu ananipa silaha ya kumpigia mwenyewe siku ya Jumamosi. Akili ni nywele.

Badala yake anamtaka Wilondja, mdakaji wangu. Nimesema nitafikiri. Nimefikiri mpaka chai ilipochemka.

Wilondja ni rafiki yangu, naandika ili ijulikane. Baba alipofariki na mimi sikuweza kusafiri, Wilondja aliliacha lori lake la makontena kule bandarini Port Botany akaja kukaa nami sebuleni, siku baada ya siku, hasemi kitu. Huniita ndugu yangu. Kila Jumamosi hunipitia kwa gari, na chupa ya chai. Lakini miaka imekwenda, na magoti yake yanalia kama mlango mbovu. Mkongwe hutolewa angali anatembea. Meneja hana rafiki.

Jumatano, 30 Julai

Nimekubaliana na Kasoki. Alifurahi mno, maskini, haoni mbali.

Wangari aliposikia alisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamjibu kwamba besiboli haichezwi juu ya mikeka. Akauliza kama Wilondja mwenyewe anajua. Nikamwambia kuna utaratibu, klabu zenye hadhi hutoa taarifa. Akavaa sare yake ya uuguzi akaondoka bila kumaliza uji.

Nimeandika taarifa na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya nzima. "Kwa niaba ya uongozi wa Mamba, nasikitika kuwatangazia kwamba ndugu yetu mpendwa Wilondja hatunaye tena. Mchango wake hautasahaulika. Tunamtakia safari njema huko aendako." Nikaongeza picha yake, nyeusi na nyeupe, anatazama mbali. Imependeza. Wamarekani wangeweza kujifunza kitu hapa.

Alhamisi, 31 Julai

Maafa.

Kufikia asubuhi kundi limejaa pole. Mishumaa, njiwa, mikono iliyokunjwa. Mzee Kariuki amefungua kundi jipya liitwalo Kamati ya Mazishi ya Ndugu Wilondja na kuniteua katibu. Kwaya inauliza wavae nyeupe au zambarau.

Nicole, mkewe Wilondja, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Simu ya kwanza ya pole ilimkuta akimvalisha bibi mmoja soksi. Akakaa sakafuni. Alipopata nguvu akampigia mumewe, na mumewe akapokea, yuko kwenye foleni ya malori bandarini, mdomo umejaa ndizi. Kisha akanipigia mimi. "Papa Miriam, batu banauliza bwana yangu atazikwa siku gani. Anakula ndizi! Wewe uliandika nini?"

Nikamweleza kwa upole kwamba ni uhamisho tu, Wilondja hakufa, amekwenda Auburn. Akasema kumbe mume wake ni mzima, ila ameuzwa, na kwamba alifurahi kwa nusu dakika tu.

Binti yetu Miriam amesoma taarifa yangu kwenye simu ya mama yake. Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, kujibu ndiyo hataki. "Dad, you traded Uncle Wilondja on WhatsApp?" Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Niliporudi kutoka kazini jioni nilikuta mfuko umening'inizwa kwenye geti. Ndani, jezi ya Wilondja. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mikono ndani. Hakugonga kengele. Nimeumia, nakiri. Ingawa jezi ni mali ya klabu, ilikuwa lazima irudi.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo ndiyo mwisho wa kubadilishana wachezaji Marekani. Nimekesha kwa mawazo na sikukosea. Asubuhi kabla sijashuka kwenye treni, mkongwe wetu wa kituo cha tatu amekwenda! Ujana wake wote ameutumia kwetu, na wanasema habari aliipata kutoka kwa waandishi. Hakuna aliyemwita pembeni. Machozi yamenitoka ghalani, nikasingizia vumbi la vigae.

Nimewaandikia barua kali. Nimewaambia mtu si gunia la mahindi. Nimewaambia mtu huulizwa kwanza, huketishwa, huelezwa kwa heshima, na kwamba timu isiyo na utu haitaona ubingwa hata ipewe vijana wote wa drafti. Ni barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimemsomea Wangari kwa sauti wakati wa chakula. Ameniuliza kama nataka sukuma wiki zaidi. Nadhani imemgusa.

Wilondja hapokei simu yangu.

Jumamosi, 2 Agosti

Hapakuwa na gari wala chai. Wangari alikuwa ameshatangulia na akina mama wengine wa timu. Nilikwenda Auburn kwa treni na mfuko wa magongo mapajani. Abiria walikuwa wakinikwepa.

Moïse alinikuta uwanjani. Kijana mwenye adabu, amenisalimia kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa glavu mkono wa kushoto, ilhali glavu huvaliwa mkono usiorusha. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba amekosea mkono, akacheka, akadhani namtania. Mchezo ukaanza. Akarusha.

Kwa mkono wa kulia.

Nguvu anazo, sikatai. Mpira wa kwanza ulivunja chupa ya chai ya Mzee Kariuki, aliyekuwa amekaa upande usiohusika kabisa. Iliyofuata ilikwenda katikati, na wapigaji wa Kasoki waliipokea kama watu walioitwa kwenye pilau. Wangari, niliyemweka adake kwa kukosa mtu mwingine, alikuwa amevaa vifaa vya Wilondja, vinampwaya mwilini, na ndiye peke yake aliyekuwa akidaka kitu. Alidaka vizuri sana. Hakunitazama hata mara moja.

Nilimwendea Kasoki nikamshtaki mbele ya watu kwamba amenilaghai. Akashangaa, tena kwa dhati. "Si nilikuambia kuume? Kuume ni huku!" Akainua mkono wa kulia, ule alioshikia sambusa.

Nikasema mimi nilisikia kiume.

Mzee Kariuki, aliyekuwa bado anajipangusa chai, akaniuliza kwa sauti yake ya mimbarini: kila Jumapili nasimama naye nikikiri kwamba Mwana ameketi mkono wa kuume wa Baba, je, nilidhani ni mkono upi huo? Watu walisubiri jibu. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Ukweli, ambao nauandika hapa tu, ni kwamba tangu utotoni nilidhani ni sifa. Kwamba Baba ana mkono wa mwanaume.

Kisha Wilondja akaja kupiga. Moïse akarusha, Wilondja akaugonga, mpira ukavuka uzio na kupotelea kwenye maegesho. Alizunguka vituo polepole, magoti yakimsumbua, watoto wa Auburn wakimwimbia jina. Alipofika nilipokuwa nimesimama alipunguza mwendo, akaninyooshea mkono. "Habari ya leo, Bwana Kinuthia."

Bwana! Heri angenitukana. Mchezo uliisha muda mfupi baadaye na msimu wetu pia. Matokeo siyaandiki. Nilirudi na magongo yangu kwa treni ileile.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani tulipofika kwenye neno kuume, safu nzima ya mbele iligeuka kunitazama.

Baada ya ibada nilikwenda kwa Wilondja. Nicole alifungua, hakusema karibu, lakini hakufunga mlango. Wilondja alikuwa jikoni anamenya mihogo. Akanisogezea kisu. Tukamenya pamoja.

Halafu akasema, "Kule kambi ya wakimbizi kulikuwa ubao. Asubuhi munaenda kusoma. Ukikuta jina yako iko pale, utapelekwa. Wapi? Wanajua wao. Hakuna mutu anakuuliza. Mimi nilisema, siku nitafika kwenye niko na ndugu, sitasoma tena jina yangu kwa ubao."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za wapigaji wa kushoto. Sikuweza. Nimelia, machozi ya kweli, na muhogo hauwashi macho. Nimemwomba msamaha. Nimeapa sitamhamisha tena bila kumwuliza. Akanipa kitambaa cha sahani nijifute, akaniita ndugu yangu, akasema angependa kurudi Mamba, Kasoki akiridhia. Nicole naye akaniwekea sahani ya sombe, kisamvu chao cha Kikongo, na samaki, kwa kishindo kidogo.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Kumwuliza mtu tu.

Jumanne, 5 Agosti

Kasoki ameridhia. Wala hamtaki Moïse arudi, anasema nibaki naye. Ila anataka mchezaji mmoja badala ya Wilondja, jambo ambalo ni haki yake, ndivyo biashara ilivyo. Jumamosi alimwona mdakaji wetu mpya akampenda mno.

Nimekubali haraka kabla hajabadili mawazo. Wangari yuko zamu, simu huwa anaiacha kabatini, nami simsumbui mtu kazini. Nimejifunza, mambo haya hayatangazwi kwenye kundi. Nitamwambia uso kwa uso akirudi.

Jumatano, 6 Agosti

Kasoki alimpigia kumkaribisha Auburn kabla hajafika nyumbani.

Wangari hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alivua viatu, akasema sawa, ameshakubali, mazoezi yao ni Alhamisi na Jumamosi, na siku hizo nitapika mimi. Akaongeza kwamba Kasoki alimwuliza kwanza kama anapenda kuja, na kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipoulizwa hivyo.

Wilondja naye amesikia. Amempigia Kasoki kumwambia yeye habadilishwi na mke wa mtu, anabaki alipo. Amenitumia ujumbe mfupi: pole, ndugu yangu. Kesho atampitia Wangari kwa gari waende pamoja.

Nimekaa jikoni peke yangu. Sina mdakaji. Rafiki yangu yuko Auburn, mke wangu yuko Auburn, na Mzee Kariuki ameitisha mkutano wa kuchagua meneja mpya Jumapili. Moyo unaniuma kweli, sijui niuweke wapi.

Lakini nikitazama kwa jicho la meneja, kuna mwanga. Kasoki sasa ana wadakaji wawili, na mwenye ziada hupunguza bei. Halafu Miriam ana mbio, na anapiga vizuri kuliko anavyojua mwenyewe. Nitampigia Kasoki asubuhi, Miriam akiwa shuleni.