Ombi la Kumfutia Dada Yangu Cheti cha Ukufunzi wa Taichi

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Kuthibitisha Wakufunzi wa Taichi.

Ndugu Mwenyekiti,

Kuhusu: Kufutwa mara moja kwa cheti alichopewa dada yangu

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini, ingawa naambiwa ninyi watu wa taichi mnapenda zaidi kusimama. Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekaa madawati ya nyuma, daftari gotini, nikiwaangalia walimu wakifundisha. Nilikuwa nikikohoa tu, chaki inawadondoka. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue unaandikiwa na nani.

Mwezi uliopita bodi yako ilimpa dada yangu cheti cha ukufunzi. Dada ana miaka sitini na sita. Maisha yake yote ya kazi amefua mashuka ya hospitali. Naomba cheti hicho kifutwe, na sababu zangu nimezipanga kwa namba, kama nilivyozoea, usije ukasema hukuelewa.

1. Chanzo chenyewe hakina heshima. Dada alistaafu na mabega mabovu. Miaka thelathini na minne ya kunyanyua nguo zilizoloa ilimwacha hawezi kurudisha kikombe kwenye rafu ya juu. Daktari akamwambia atafute mazoezi mepesi. Mtu mwenye akili zake angenunua dawa ya kuchua akatulia. Yeye akaenda kwenye ukumbi wa jamii, nyuma ya ofisi za maji, ambako kila Jumamosi asubuhi fundi saa mmoja mstaafu alikuwa akiwafundisha watu wazima kusogeza mikono polepole, kwa mtindo wa Kichina, kama wanaotafuta swichi umeme umekatika. Aliporudi nilimwuliza amejifunza nini. Akasema, "Kusimama." Nikamkumbusha kwamba amesimama tangu ana mwaka mmoja. Akasema, "Na mimi nilidhani hivyo."

Hilo ndilo jibu nililopewa, Ndugu Mwenyekiti, na mtu ambaye tangu utotoni hakuwahi kunijibu.

2. Nyumba imeharibika. Ifahamike kwamba tunaishi pamoja. Mke wangu alipofariki, nami nikiwa nimeshastaafu, nilikubali kuhamia kwa dada ili asijisikie mpweke. Ni nyumba ya vyumba viwili, sebule, na ua wa saruji wenye kamba tatu za nguo. Tangu taichi iingie, kila kitu kinakwenda kama kimepewa likizo. Chai inamiminwa kama dawa ya macho. Mlango unafungwa hata husikii umefungwa. Kila asubuhi ua wangu wa kusomea gazeti una mwanamke anayetenganisha manyoya ya shingo ya farasi pori, ndivyo mnavyoiita hatua hiyo, na nyumba ile haijawahi kuwa na hata paka.

Jirani yetu, fundi seremala, alianza kwa kuchungulia juu ya ukuta, msumeno mkononi, akicheka. Nilimheshimu. Wiki iliyofuata alikuwa upande wetu wa ukuta, bila msumeno. Baada ya hapo akamleta mkewe. Mkewe akamleta muuguzi mstaafu wa nyumba ya tatu. Gazeti nikawa nasomea chooni.

3. Kutojua mipaka. Baada ya miaka miwili fundi saa aliamua kwenda kuishi na binti yake mbali, akasema darasa lisife, na kwamba anayefaa kulishika ni dada, ila lazima kwanza apate cheti chenu. Nilicheka mpaka nikavua miwani. Nikamweleza dada, kwa upole kabisa, kwamba kuna mtihani wa kuandika. Kuna viungo vya mwili, kuna usalama wa wanafunzi, kuna maandalio ya somo. Akanitazama akaniomba nimsaidie kukipitia kitabu cha mtihani huo. Nikamjibu kwamba mimi siandai watahiniwa, mimi nakagua. Huo ni msimamo, si roho mbaya.

Basi akasoma na wenzake wawili wa zamani wa chumba cha pasi cha hospitali. Walikuwa wanakuja jioni, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anauliza maswali, na wote watatu wanakunja nguo huku wanakariri majina ya viungo. Nyonga, shuka. Kiwiko, foronya. Siku moja niliwasahihisha kutoka sebuleni kwamba nyonga si kiuno. Wakaitikia kwa pamoja, "Asante, Mkaguzi," wakaendelea kucheka jambo ambalo sikuambiwa.

Usiku ule nilimweleza dada kama ndugu kwamba mambo ya vitabu si yake. Aliweka penseli chini. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nilikuwa la saba, wewe la tano. Mama alipougua, baba akasema mmoja wetu abaki nyumbani amwuguze. Nilikuwa wa kwanza darasani kwangu. Wewe ulikuwa wa thelathini." Kisha akachukua penseli, akaendelea.

Sioni hoja hiyo inahusiana vipi na taichi. Naitaja ili bodi ijue ni mtu wa namna gani mmempa cheti, mtu anayetunza matokeo ya mwenzake kwa zaidi ya miaka hamsini. Tena anayatunza vibaya. Nilikuwa wa ishirini na tisa.

4. Kanuni zenu ni ovyo. Mnataka mtahiniwa amfundishe mtu mmoja asiyejua kitu kwa wiki kumi na mbili, halafu mtu huyo awaandikie ripoti. Hakuna mahali mlipokataza mtu huyo asiwe ndugu. Seremala alikuwa ameshajua, mkewe ameshajua, muuguzi ndiyo usiseme. Dada akanijia mimi. Nilikubali papo hapo, na sababu siifichi: niliitaka ile ripoti.

Nilihudhuria wiki zote kumi na mbili. Nilichelewa mara tisa. Kila somo nilidai maandalio, naye akaniletea, yameandikwa kwa penseli, na jambo la kuudhi ni kwamba yalikuwa mazuri, ikabidi nitafute makosa ya tahajia kwa wino mwekundu. Nilikataa kukunja magoti kwa kuwa katika utumishi wangu wote serikali haikuwahi kuniagiza nikunje magoti. Wiki ya nne niligoma katikati ya somo nikakaa chini. Dada akaniletea kiti, akavuta na chake, akanifundisha somo zima tumekaa, kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Wiki ya saba nilimwambia mbele ya seremala kwamba anafundisha kama mtu anayesuuza mashuka. Nilitegemea aone haya. Akafikiri kidogo, akasema, "Kweli kabisa. Shuka likiloa ni zito, ukilivuta kwa mkono unaumia bega. Unalifuata na mwili mzima. Haya, tusuuzeni." Darasa zima likasuuza mashuka yasiyokuwepo. Muuguzi akasema hatimaye ameelewa. Nami, kwa bahati mbaya, nikaelewa.

5. Ripoti yangu imetumiwa kinyume na ridhaa yangu. Hili ndilo kubwa. Niliandika kurasa kumi na moja zenye vichwa vya habari. Utangulizi, Upungufu wa Mwalimu, Upungufu Mwingine wa Mwalimu, Mapendekezo. Nilieleza kila nilichofanya kumjaribu na jinsi alivyoshindwa kunichapa, kunifokea au angalau kunifukuza. Katika ukaguzi tunaita hiyo kukosa udhibiti wa darasa.

Siku ya mtihani nilivaa suti yangu ya kazi nikakaa kiti cha nyuma. Dada alikuwa na raba nyeupe mpya. Mtihani wa kuandika alikuwa amepata themanini na moja, sijui nani alisahihisha. Alipomaliza kuonyesha hatua zake, mtahini wenu mkuu, yule mama mwenye mvi fupi, akaichukua ripoti yangu akaanza kuisoma kimya. Ukurasa wa nne akampa mwenzake wa kulia. Mwenzake akaweka kiganja mdomoni. Wa saba wakausoma wote watatu, vichwa vimegusana.

Mama yule akauliza, "Mwanafunzi huyu yupo hapa?"

Nikasimama. Akanitazama toka viatu mpaka tai.

"Wiki kumi na mbili zote?"

Nikasema zote.

Akamgeukia dada. "Na hukumfukuza?"

Dada akasema, "Ni mdogo wangu."

Akafunga faili. Akatangaza kwamba walikuwa na maswali matatu kuhusu subira na namna ya kuwahudumia wanafunzi wagumu, lakini jopo halioni haja ya kuyauliza. Wakampa alama zote za sehemu hiyo. Zote! Mimi katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kumpa binadamu alama zote. Nilikwenda pale kumwangusha mtahiniwa, nikatoka nimempandisha, na wale akina mama wa pasi wakanipa mkono wa pongezi mlangoni.

6. Matokeo yake kwa jamii. Jumamosi sasa ukumbi una watu arubaini. Yule daktari wa mazoezi mepesi naye anakuja, amevaa kaptura. Wanamwita Mwalimu. Si darasani tu, mpaka barabarani. Mtu yuko ng'ambo, anapiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu!" nami nageuka kwa mazoea ya kazi, nakuta mtu huyo ananipita. Anavuka barabara kwenda kumshika dada mikono miwili. Mimi walimu walikuwa wakiniona upande huu wa barabara, wao wanavuka kwenda ule.

Juzi mwenye duka aliniuliza, "Wewe si ndiye mdogo wake Mwalimu?" Nimekagua shule mia mbili na kumi, na hicho ndicho cheo nilichobaki nacho. Jumanne dada hayupo nyumbani kwa kuwa anafundisha wagonjwa wa viungo, hivyo napasha chakula mwenyewe na nimeshaunguza sufuria mbili. Picha yangu ya kuagwa kazini imeondolewa sebuleni, cheti chenu kimekaa mahali pake. Picha iko kwenye korido karibu na swichi, ambako, kwa maneno ya dada, nitaonekana kila mtu akiwasha taa.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Cheti kifutwe. Kama kufuta hakuwezekani, wekeni ukomo wa umri, uwe miaka arubaini, na uanze kutumika tangu miaka mitatu iliyopita. Wafuaji wa aina zote wazuiwe, pamoja na wapiga pasi na yeyote anayejua kukunja shuka la kitanda kikubwa peke yake. Subira iondolewe kwenye vigezo kwa kuwa haipimiki, na mtu akiwa nayo nyingi inawaudhi walio karibu. Neno Mwalimu lisitumike nje ya chumba chenye ubao. Na kama haya yote ni mazito kwa bodi yako, basi itangazeni taichi yenyewe kuwa haijawahi kuwepo. Nipo tayari kuwaandalia tangazo hilo, kwa kichwa cha habari na nakala tatu.

Wasalimie wajumbe wote wa bodi, karani wenu, na mlinzi wa getini aliyeniambia siku ile kwamba wanafunzi wanaingilia mlango wa pembeni. Msalimie pia yule mama mwenye mvi, ingawa hastahili.

Wako niliyekerwa kwa kufuata taratibu zote,

Mkaguzi wa Shule (Mstaafu)

Baada ya sahihi: Barua hii nilikwishaifunga, nimeifungulia posta. Leo asubuhi ngazi za posta zilikuwa zimetoka kupigwa deki na hakuna aliyeweka alama yoyote. Ngazi ya tatu kutoka juu nikateleza. Kwa umri wangu, mtu akiteleza pale anapelekwa hospitali kwa machela, nyonga imevunjika, na wengine hawatembei tena. Nilichoona ni magoti yangu kukunjika yenyewe, bila agizo la serikali. Uzito ukaenda mguu wa nyuma, mikono ikafunguka, nikabaki nimesimama, bahasha mkononi. Mama wa usafi aliyekuwa chini ya ngazi akaangusha dekio. Akasema, "He! Mzee, nani kakufundisha hivyo?"

Jibu nilikuwa nalo, kurasa kumi na moja. Nikamwambia, "Mwalimu wangu. Ni dada yangu wa damu. Jumamosi saa mbili asubuhi, ukumbi wa jamii, wahi kabla mstari wa mbele haujajaa." Nilipomaliza kumwelekeza njia nikakaa pale pale kwenye ngazi mbichi, nikaifungua bahasha.

Barua naituma ilivyo kwa kuwa nimeshaandika nakala safi, na mkaguzi hafuti. Lakini cheti kiacheni. Kuna jambo moja tu juu yake. Jina la pili la dada yangu mmelikosea herufi moja. Yeye ameliona tangu siku ya kwanza akanyamaza, anasema haidhuru. Inadhuru. Hajawahi kuwa na karatasi nyingine inayosema amehitimu kitu. Andikeni upya, kwa wino mzuri. Nitakuja kukichukua mwenyewe, na nitakikagua kabla ya kupokea.