Boksi la Fuma Mwenyewe

Redio ya kibanda changu cha kahawa ndiyo iliyotuchokoza. Ilitangaza kwamba siku hizi watu wananunua boksi lenye uzi, sindano ya kufumia na karatasi ya maelekezo, wakafume wenyewe nyumbani. Kahawa ikamtoka Katiba puani.

"Nilipe, halafu kazi nifanye mimi? Si sawa na kinyozi apokee hela, akukabidhi mkasi?"

"Cheka tu," nikamwambia, nikimmiminia nyingine. "Mwenye maboksi hayo umekaa naye benchi moja."

Mkamwana wangu alikuwa amelipakata boksi mapajani. Wiki tatu alikuwa akilipanga na kulipangua. Mwenye duka la vifaa vya shule alisema atachukua ishirini kwa sharti moja: mtu asiyewahi kushika sindano afume kitambaa cha kuwekea kikombe kwa kufuata karatasi tu, bila kuuliza wala kusaidiwa. Siku hiyo saa sita angepita kuona. Maduka mengine yote yalishamkatalia.

"Shemeji, mtu huyo umempata," akasema Spana, fundi baiskeli, akijipiga kifua.

"Vidole hivyo ni michi," akasema Katiba. "Uzi wenyewe utaomba msamaha."

Katiba tunamwita hivyo kwa kuwa kila neno kwake ni sheria. Akanyakua karatasi, akakohoa kama hakimu.

"Kifungu cha kwanza: piga kitanzi."

"Tayari!"

"Cha pili: vuta vitanzi kumi."

"Nimevuta kumi na kimoja. Kimoja cha akiba."

"Hakuna akiba kwenye sheria! Fumua!"

Akafumua. Vifungu viwili vikapita kwa jasho.

"Cha tano: ukifika mwisho wa mstari, geuka."

Spana akakodoa macho. "Nigeuke? Mimi?"

"Imeandikwa geuka. Unabishana na maandishi?"

Basi Spana akasimama, akazunguka kama pia, akaketi, akafuma mstari. Akasimama tena, akazunguka. Mstari wa nne uzi ulikuwa umemfunga kiuno. Wa sita ukamnasa Katiba shingoni, naye hakuacha kusoma.

"Geuka! Usiruke hata mmoja!"

"Dunia inakwenda mbio, ndugu yangu!"

"Ni wewe unayekwenda! Geuka!"

Wapita njia wakajaa. Mkamwana wangu alikuwa ameuma kanga.

"Mama, nimekosea kuandika. Nimwambie?"

"Ukimwambia tu, maboksi yamekwenda. Tulia." Midomo yangu ilikuwa ikimwomba Mungu, mbavu zikinisaliti kwa kicheko.

Mstari wa nane Spana akasimama, asigeuke. Akakitazama kitambaa, kichwa upande.

"Ngoja. Baiskeli ikipata pancha, nageuza baiskeli. Sizunguki mimi!" Akapiga kelele hadi njiwa wakaruka paani. "Hii ni geuza! Herufi moja tu, imenitia kizunguzungu cha mwaka mzima!"

Akakigeuza kitambaa, akafuma mpaka mwisho ametulia tuli. Mkamwana wangu akachomoa penseli.

Saa sita mwenye duka akafika, akawakuta wanaume wawili wamefungwa uzi mmoja. Akakishika kitambaa kwa ncha za vidole. Kilikwenda mshazari, kina tundu katikati, kinanuka grisi.

"Hiki hukufuma wewe," akamwambia mkamwana wangu.

"Hapana, dada."

"Wala hukumsaidia?"

"Angesaidiwa kingekuwa hivi?" akadakia Katiba.

Mwenye duka akacheka hadi akashika benchi. "Niletee ishirini! Na hiki nakichukua, nikitundike dirishani watu waone kwamba yeyote anaweza."

Mkamwana wangu akanikumbatia, birika nusura linidondoke. Lakini Spana alishakipokonya kitambaa, akakitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Hiki hakitundikwi. Kafume chako."

Mwenye duka akatazama saa, akalitazama boksi, akaketi. Siku ile duka lake halikufunguliwa tena mpaka alasiri.