Viatu Vyekundu Dhidi ya Mwanga

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu bado yuko kwa mama yake. Siku ya nne! Eti nilikata mkoba wake nikatia kiraka buti la mteja. Namkumbuka, nyumba imepoa. Nataka kumwomba radhi, lakini simu yake anapokea mama mkwe.

Mwalimu wa fizikia amekuja kuchukua viatu vyake. Akasema hakuna habari inayoweza kusafiri haraka kuliko mwanga. Popote pale. Nimekereka. Nani kaamua?

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Nimemshonea mke wangu viatu vyekundu. Nikafumba macho, nikatia kila kimoja kwenye boksi lake, nikachanganya. Moja limeenda kwake kwa basi. Nikifungua langu nikakuta cha kulia, papo hapo nitajua yeye ana cha kushoto. Hata angekuwa mwezini. Mwanga utakuwa bado unafunga kamba.

Jumatano, 5 Machi
Boksi limefika. Nimefungua langu mbele ya mwalimu. Cha kulia! Nikatamba. Akauliza nilitaka kumwambia mke wangu nini. Nikasema, anisamehe. Akauliza kiatu cha kushoto kimesema nini kuhusu hilo.

Akaeleza kwamba cha kushoto na cha kulia nilivifunga mwenyewe hapa mezani, cha kushoto kikapanda basi pamoja na abiria. Mimi kufungua boksi hakukubadilisha chochote kule. Mke wangu hawezi hata kujua kama nimefungua. Imeniuma, ila inavutia. Nimekigeuzageuza kiatu mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 6 Machi
Kosa nimeliona. Sikuchagua! Leo nimechagua, macho wazi. Kushoto maana yake nisamehe. Nimechukua pea nyingine, cha kushoto nimekituma kwa basi. Mwalimu akasema hiyo ni barua tu, na inakwenda kwa mwendo wa basi. Wivu huo. Kisha akauliza kama mke wangu anajua maana ya kushoto.

Hajui. Maelezo nimeyatia kwenye boksi la tatu.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu amepiga simu mwenyewe! Ana viatu viwili vya mguu wa kushoto, akauliza kama namfanyia dhihaka. Nikamweleza habari ya mwanga, tangu mwanzo. Alisikiliza yote. Kisha akauliza taratibu kama nina neno lolote la kumwambia.

Ninalo! Nikamwambia liko kwenye basi, limechelewa, asubiri Jumatatu.

Akakata. Hana subira kabisa. Nitajaribu soksi.