Ndago za Mkeka wa Sabura

Jumatatu, 3 Februari
Harusi ya Sabura, binti wa dada yangu, ni Jumapili ya tarehe 16. Katika ukoo wetu, ndago za mkeka wa harusi hukatwa na mjomba kwa mkono wake mwenyewe, kisha majina ya bibi na bwana harusi hufumwa humo. Mjomba aliyeteuliwa ni mimi! Meeral, mke wa kaka, ndiye mfumaji. Amesema mbele ya watu kwamba siwezi kutofautisha ndago na majani ya ng'ombe. Ataona.

Jumanne, 4 Februari
Meeral ananielekeza kama mtoto wa chekechea. Eti niende ukingoni mwa mto Tamiraparani, pale maji yanapopanda na kushuka. Eti nizungushe shina kati ya vidole: ndago ya mkeka ina kingo tatu, hukwama; shina likibiringika, niliache. Vidole! Mimi natumia macho. Tena huko matope ni hadi magotini, nami nimevaa viatu vya harusi nivizoee. Nyuma ya kinu cha mpunga kuna bwawa limetulia tuli, limejaa majani marefu, mabichi, ya kupendeza. Nimekata mizigo minne bila kulowa hata ukucha. Akili hiyo!
Nimeiloweka mtoni chini ya mawe. Siku saba, ilainike.

Jumamosi, 8 Februari
Inanuka. Wafua nguo wamehamia mbali. Nimewaambia ndago bora lazima inuke. Mmoja akauliza, "Na iliyo bora zaidi, inaua?" Hana adabu.

Jumanne, 11 Februari
Nimeitoa mizigo majini: uji mtupu. Meeral alikuja, akaokota shina moja lililobaki zima, akalizungusha. Likabiringika kama penseli. "Shemeji, hii ya bwawani. Paka atailalia, bibi harusi hapana." Nikamwambia mwaka huu maji ya mto ni makali. Akaenda zake.
Nilimfikiria Sabura akiingia kwa wakwe bila mkeka, kwa sababu yangu. Nililia. Kisha nikaulaumu mto tena.

Jumapili, 16 Februari
Biriani safi! Mkeka ulipokunjuliwa: SABURA upande huu, SEYADU upande ule. Kumbe Meeral alikuwa akiufuma tangu Desemba, kwa ndago zake mwenyewe! Na akawatangazia wakwe kwamba ndago amezikata mjomba. Sabura akanibusu mkono. "Mjomba, najua ulivyohangaika." Niliona haya. Dakika nzima.
Ndipo baba mkwe akaniomba nimkatie na za mwanawe wa pili, anayeoa Mei. Nikasimama nikawaeleza wageni jinsi ya kuitambua ndago kwa macho tu. Meeral alipaliwa na biriani, wakampigapiga mgongoni.

Jumatatu, 17 Februari
Nimetoka bwawani. Mizigo sita! Kwa heshima ya Meeral nilizungusha shina moja kati ya vidole. Likabiringika.
Vidole vyangu bado vina mafuta ya biriani.